Nani kakwambia maporomoko ni ya wazungu?

Haya wadau, nimerudi. Najua kimya kimekuwa kirefu, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimepata ulaji serikalini au nimefungwa. Sijapata ulaji wala sijafungwa. Nilikuwa Jinja, Uganda, ndani ya boti la mpira, kasia mkononi, nakunywa maji ya Nile bila kupenda.

Kosa langu lilikuwa kuonesha picha kijiweni. Kijiwe chetu mnakijua, kiko jirani na stendi ya Magufuli hapa Mbezi Luis, kwenye mabenchi ya muuza kahawa, pale abiria wa mikoani wanapopumzika na mabegi yao. Simu ikazunguka mkono hadi mkono. Kabla kahawa haijapoa hukumu ilikuwa imeshatoka.

"Kaka, huo mchezo wa wazungu."

"Yaani mtu mweusi analipa nauli yake mwenyewe kwenda kutafuta kifo?"

Halafu mzee mmoja ninayemheshimu sana akanirudishia simu taratibu, akaniangalia kwa huruma: "Mwanangu, maji hayana rafiki."

Sikujibu. Mimi nikibanwa kijiweni huwa najibia nyumbani, kwa maandishi, ambako hakuna wa kunikatiza. Basi leo najibu, na ninajibu nikiwa na hasira kidogo, mniwie radhi.

Kwanza niseme kwa nini nilikwenda.

Nyuma ya mtaa wetu kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, vijana wanachimba na kupakia kwenye malori. Masika yakija, korongo hilo hilo linakuwa mto wa rangi ya chai ya maziwa, unaobeba matairi, mabati na mbwa wa watu. Anayeishi Mbezi, Goba au Msakuzi hahitaji maelezo zaidi.

Masika moja, miaka michache iliyopita, mtoto wa darasa la sita aliteleza akivuka wakati anatoka shule. Hakuchukuliwa moja kwa moja. Alidaka mzizi wa mti uliokuwa umeachwa wazi na mmomonyoko, akaning'inia hapo, maji yakimpita kifuani. Kutoka tulipokuwa tumesimama ni kama hatua kumi na tano. Tulikuwa watu wazima zaidi ya arobaini ukingoni.

Mimi ndiye niliyekuwa na kamba. Narudia, nilikuwa na kamba ya manila mkononi. Watu wakapiga kelele, "Mrushie! Mrushie!" Nikarusha, ikaanguka njiani, upepo ukaipeleka kusiko. Nikaivuta, nikarusha tena, ikaanguka pale pale. Hakuna aliyejua usimame wapi, urushe upande gani wa mkondo, umwambie mtoto afanye nini kamba ikimfikia. Na hakuna aliyejua kuogelea, mimi na shahada yangu nikiwemo. Wengine walikuwa wanarekodi kwa simu.

Mzizi ukaachia. Alipatikana kesho yake, mbali, chini kabisa ya bonde.

Msibani tuliambiwa ni mapenzi ya Mungu, nami nikaitikia amina kama wengine. Sibishani na Mungu. Lakini ile kamba naijua mimi. Ile kamba ilikuwa mikononi mwangu.

Ndiyo maana nikiwa na miaka thelathini nilianza kujifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli, nikichekwa na watoto wa miaka saba. Na ndiyo maana baada ya hapo nilitaka kuyajua maji yanayokimbia, siyo yale yaliyotulia yenye vigae vya bluu. Wewe unaita mchezo. Haya, tuite mchezo. Sasa tuzungumzie huo uzungu wake.

Ndugu msomaji, shuleni tulifundishwa kuhusu Stanley. Alipita wapi, alikutana na nani, mwaka gani. Mimi nilipata alama nzuri tu. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia jina la Uledi.

Msafara wa Stanley uliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu zaidi ya 300. Wazungu walikuwa wanne tu, pamoja na yeye. Waliobaki walikuwa watu wa Unguja, watu wa Mrima, Wanyamwezi. Walibeba mashua iliyoitwa Lady Alice, imekatwa vipande ili ipite begani kwa watu. Mshika usukani wake alikuwa Uledi, kutoka Unguja. Mswahili kabisa, jamani, wa huku huku kwetu.

Mwishoni mwa 1876 waliachana na Tippu Tip, wakaufuata mto Kongo kuelekea chini, bila kujua unaishia wapi. Januari 1877 wakakutana na maporomoko saba ambayo leo yanaitwa Boyoma, juu ya mji wa Kisangani. Msitu mzito pande zote mbili. Kazi ilikuwa hivi: maji yakipitika wanapiga kasia, yasipopitika wanatoka, wanafyeka njia msituni kwa mashoka, wanakokota mitumbwi mizito nchi kavu, wanarudi majini. Na huko msituni wenyeji hawakuwapokea kwa ngoma. Mishale ilikuwa inaruka, na bunduki za msafara zilikuwa zinajibu.

Sasa sikiliza hiki kisa. Siku moja mtumbwi mmoja ulichukuliwa na mkondo ukapasuka kwenye mwamba. Jamaa mmoja, Zaidi, akabaki ameng'ang'ania ncha ya jiwe katikati ya mto, juu kabisa ya poromoko. Maji yanampita kulia na kushoto, kisha yanaanguka. Wenzake wakakata mimea itambaayo msituni, wakasokota kamba, wakaunganisha na kamba za mahema, wakafunga mtumbwi. Walihitajika watu wawili wa kuingia ndani yake. Watu wakatazamana, kama sisi tulivyotazamana pale korongoni.

Uledi akasema anakwenda. Kijana mmoja, Marzuk, akasema anakwenda naye.

Wakateremshwa na mkondo hadi karibu na Zaidi. Jaribio la kwanza likashindikana, wakarudia, na wakarudia tena. Alipofanikiwa kushika, kamba za mtumbwi zikakatika! Mtumbwi ukasukumwa pembeni ukakwama kwenye kisiwa kidogo cha mawe, pale pale ukingoni mwa poromoko. Wakalala hapo usiku kucha, watatu, gizani, maji yakinguruma chini yao. Kabla giza halijaingia ulikuwa umerusHwa uzi mwembamba uliofungwa jiwe mwishoni. Ule uzi ulikuwa umevuta kamba nene, na asubuhi wakavutwa mmoja mmoja hadi nchi kavu. Wote wakapona.

Jiwe. Walifunga jiwe mwishoni. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu pembeni nikatoka nje.

Anayesimulia haya ni Stanley mwenyewe, katika kitabu chake cha 1878. Stanley tunamjua, mtu wa bunduki, viboko na sifa. Hakuwa na sababu ya kumpamba Mswahili bure. Lakini hata yeye hakuweza kusimulia ule mto bila Uledi kujitokeza kila kurasa chache akimwopoa mtu majini. Njaa ilipokaza na Uledi akashikwa na kosa la kuiba shanga, wenzake walimtetea kwa hoja moja tu, kwamba wengi wao wako hai kwa sababu yake. Akasamehewa.

Na kuna kisa cha pili, hiki ndicho cha kuwajibu wale wa "mchezo wa wazungu". Juni 3, 1877, chini zaidi kwenye mto huo huo, Frank Pocock, Mwingereza, alikuwa na vidonda miguuni hawezi kutembea, akataka mtumbwi upite majini badala ya kuzunguka kwa nchi kavu. Uledi akaenda kuyaangalia maji, akarudi akasema hapapitiki. Pocock akawaambia ni waoga. Basi wakaingia, maana maneno ya namna hiyo yanauma. Mtumbwi ukapinduka. Kati ya watu 11 walikufa watatu, na Pocock alikuwa mmojawapo.

Kwa hiyo pale mtoni mtaalamu alikuwa nani? Na aliyekuwa hajui akajifanya anajua alikuwa nani? Halafu leo mtu anakaa Mbezi Luis ananiambia maporomoko ni ya wazungu!

Sisemi ulikuwa utalii. Walipofika Boma, karibu na bahari, Agosti 1877, walikuwa wamebaki chini ya nusu ya walioondoka Bagamoyo. Wazungu watatu wote waliofuatana na Stanley walikuwa wamekufa. Kalulu, kijana aliyekuwa amepelekwa hadi Uingereza na kusomeshwa huko, alizama Machi mwaka huo. Ile haikuwa raha, ilikuwa kazi, na wengine hawakuwa na hiari kamili. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa kusoma maji yenye hasira, wa kujua mkondo unakupeleka wapi na mwamba umejificha wapi, ulikuwa wetu. Pale Kisangani, ambako hadi leo wanazungumza Kiswahili, wavuvi Wagenia wanaingiza mitumbwi yao kwenye poromoko kutega samaki kwa vikapu vikubwa vilivyofungwa kwenye magogo. Hawakufundishwa na mtalii.

Ujuzi huo sisi tumeuweka wapi?

Turudi Jinja. Nilipanda basi hapa hapa Mbezi, nikapita Namanga, Nairobi na mpaka wa Uganda, nikashuka miguu imevimba kama maandazi. Kwenye boti tulikuwa saba. Wageni watano, mimi, na kapteni, kijana wa Kiganda aliyekulia kijiji cha kando ya mto. Aliponisikia nauliza kitu kwa Kiswahili akacheka: "Wewe wa Tanzania? Nyinyi hamji huku!"

Huyo kijana alitupitisha kwenye mawimbi yenye urefu wa nyumba kwa sauti yake tu. Piga! Acha! Inama! Boti lilipinduka mara moja, nikaenda chini, nikaona kijani, halafu giza, halafu jaketi likanirusha juu. Jambo alilokuwa ametufundisha ni moja: ukianguka, lala chali, miguu mbele, usipigane na mkondo, usisimame. Sekunde kumi za maelezo hizo. Yule mtoto wa korongoni hakuwahi kuambiwa hizo sekunde kumi, na mimi sikuwa nazo za kumpa.

Maporomoko hupangwa kwa madaraja, kuanzia la kwanza hadi la sita, na la sita ni la kuacha kama unajipenda. Tulipofika Itanda, kapteni alitutoa majini. Tukatembea kwa miguu kuzunguka sehemu mbaya zaidi, kisha tukaingia tena chini yake. Mgeni mmoja akalalamika kwamba alilipia mto mzima. Kapteni hakumjibu, aliendelea kutembea tu. Nikamkumbuka Uledi na Pocock.

Uganda ilianza biashara hii katikati ya miaka ya 1990. Zamani kidogo pale Bujagali kulikuwa na vijana waliokuwa wanajitosa kwenye poromoko wamekumbatia dumu la plastiki, watalii wanatoa shilingi mbili tatu. Baadaye vijana wa vijiji vile vile wakawa makapteni wa maboti, wapiga kayaki, waokoaji. Bujagali ilifunikwa na bwawa la umeme mwaka 2011, na mwaka 2019 bwawa la Isimba likafunika mawimbi mengine zaidi chini ya hapo. Wamehamia kwenye kipande kilichobaki wanaendelea. Wakipoteza wimbi wanajua wamepoteza nini, maana walikuwa wanalijua kwa jina.

Sisi je? Kilombero na Luwegu zinakutana kwenye maporomoko ya Shuguli, zinazaa Rufiji. Ruaha Mkuu unaingia. Halafu maji yote hayo yalikuwa yanabanwa kwenye korongo la mawe tulilolizoea kwa jina la Stiegler. Desemba 22, 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa, na leo mitambo tisa inaweza kutoa megawati 2,115. Msinielewe vibaya. Mimi nimekaa kwenye mgao nikiandika habari kwa mshumaa, umeme nautaka. Lakini nieleze, msomaji, wakati tunabishana kwenye magazeti na vijiweni kuhusu lile korongo, wangapi kati yetu tulikuwa tumewahi kuingiza kasia ndani yake? Tulibishana kuhusu mto kama watu wanaobishana kuhusu chumba ambacho hawajawahi kufungua mlango wake.

Sasa nijibu hoja za kijiweni, maana najua zinakuja.

"Ni ghali." Kweli. Nilidunduliza miezi mitano. Lakini ghali ni boti la mpira na chakula cha mchana cha watalii. Kuogelea si ghali. Kasia ni mbao. Wavuvi wa Msasani na Kunduchi wanazo, na wanajua zaidi ya mwalimu yeyote wa hotelini. Nani amewahi kuwalipa wafundishe watoto wa shule?

"Kuna mamba na viboko." Kweli tena. Sijamwambia mtu ajitose Rufiji kesho. Mtu anayejua maji ndiye anayejua pia mahali pa kutoingia. Sisi tusiojua ndio tunaovuka korongo lililofurika tukiwa na viatu mkononi kwa sababu tunawahi daladala.

"Nchi ina matatizo makubwa zaidi." Hapa ndipo hasira inaponipanda. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache tu kutoka gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Novemba 6, 2022 ndege iliangukia Ziwa Victoria pale Bukoba ikiwa na watu 43, wakafa 19. Waliofika kwanza kuokoa ni akina nani? Wavuvi, kwa mitumbwi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 hapa hapa Dar. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya asilimia 90 walikuwa wa nchi kama zetu. Tatizo kubwa zaidi kuliko hilo ni lipi? Nitajie.

"Utamaduni hauruhusu, hasa kwa wasichana." Nenda Zanzibar, uulizie mradi wa Panje. Umefundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea, wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima, na wazazi wakaona wenyewe kwamba dini haikuondoka na wimbi. Walichofanya ni kukaa na wazazi kwanza wakazungumza.

Basi, ninataka nini? Nataka mambo matatu.

La kwanza, kila shule ya msingi iliyo jirani na korongo, mto, ziwa au bahari imfundishe mtoto kuelea. Simaanishi bwawa la kifahari. Kuelea, kulala chali miguu mbele, na kurusha kamba. Wiki mbili zinatosha kuanzia.

La pili, vijana wetu wapewe nafasi ya kuijua mito yao kwa kasia kabla haijabaki kuwa namba za megawati. Wakenya wanateremka Tana pale Sagana, Waganda wako Nile. Sisi wenye Rufiji, Kagera, Malagarasi na Ruvuma tumekaa ukingoni tunarekodi kwa simu.

La tatu, Uledi aingie kwenye masomo ya historia. Si kama mpagazi wa mzungu. Kama nahodha.

Tena tarehe ipo tayari. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2021 kwamba Julai 25 iwe siku ya dunia ya kuzuia vifo vya kuzama maji. Julai 25 kwetu ni Siku ya Mashujaa. Hatuhitaji kutafuta siku nyingine wala kuunda kamati. Siku hiyo baada ya kuwakumbuka walioshika mkuki na bunduki, tumkumbuke na mmoja aliyeshika usukani wa mashua, kisha jioni tumpeleke mtoto mmoja majini.

Mzee wangu wa kijiweni, shikamoo. Ulisema maji hayana rafiki. Nakubali, mzee. Ila Zaidi pale juu ya jiwe alikuwa na rafiki, na yule rafiki alikuwa anayajua maji. Mtoto wa korongoni alikuwa na sisi arobaini.

Masika yanakuja tena. Kamba yangu iko nyuma ya mlango, na safari hii nimefunga kitu kizito mwishoni. Jumamosi asubuhi nitakuwa kule korongoni, sasa hivi ni mchanga mtupu, hakuna hatari, nafanya mazoezi ya kurusha. Anayetaka kuja kunicheka aje. Anayetaka kujifunza aje na mtoto.

Naomba kutoa hoja.